Rubani, Otopailoti na Hatari ya Kudhani

Lori lililosheheni magunia ya korosho linaporudi nyuma kuelekea ghala mjini Nachingwea, dereva hutegemea sauti ya utingo aliye chini. Utingo akinyamaza, dereva mwangalifu husimama. Lakini dereva mwenye haraka hudhani kwamba kimya maana yake ni usalama. Naye utingo, akiwa ameitwa na mtu pembeni, hudhani kwamba dereva anatazama kioo. Kwa muda huo lori linakwenda bila kutazamwa na yeyote. Hatari ya namna hiyo imepata kuangusha ndege kubwa ambazo mitambo yake ilikuwa mizima.

Otopailoti ni nini?

Otopailoti ni mtambo unaoiongoza ndege badala ya mikono ya rubani. Asili yake ni kanuni ileile ya pia wanayochezea watoto: kitu kinachozunguka kwa kasi hupinga kupinduliwa. Mwaka 1914, Mmarekani Lawrence Sperry alionyesha karibu na Paris ndege iliyotulia angani kwa msaada wa magurudumu ya namna hiyo, naye akiwa ameinua mikono yake juu. Katika ndege za leo vipimo hupeleka habari kwenye kompyuta, nayo huamuru mbawa na mkia.

Hata hivyo, otopailoti hutii tu kile ilichoamriwa. Ikiwa haikuwashwa, haifanyi kazi; ikiwa imeagizwa kulinda mwelekeo peke yake, hailindi kimo. Kwa hiyo rubani hana budi kujua kila dakika mtambo unafanya nini.

Ajali ya Douala

Tarehe 5 Mei, 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Ndani yake walikuwamo watu 114. Ilikuwa imecheleweshwa na dhoruba, na giza lilikuwa nene.

Tangu kuondoka ardhini ndege ilielekea kulalia upande wa kulia kidogo kidogo, na rubani mkuu akawa anairekebisha kwa mkono. Ilipofika kimo cha futi 1,000 hivi, alitamka neno la kuashiria kwamba otopailoti ishike kazi. Rubani msaidizi hakujibu. Kumbukumbu za vyombo zilionyesha baadaye kwamba mtambo haukuwa umeanza kazi. Kwa sekunde 55 hakuna mkono wala mtambo ulioiongoza ndege ile, na ulalo ukazidi polepole.

Ulalo ulipopita nyuzi 30, king'ora kilionya. Rubani mkuu akashtuka, akageuza usukani kulia, yaani kule kule ndege ilikokuwa ikilalia, kisha akaendelea kuugeuza huku na huku kwa kuchanganyikiwa. Ndege ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, umbali wa kilomita zipatazo tano na nusu kutoka kiwanjani. Hakuna aliyepona.

Taarifa ya wachunguzi wa Kameruni, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema kwamba marubani walipoteza utambuzi wa jinsi ndege ilivyokaa angani. Ilitaja pia ukosefu wa ushirikiano kati yao, na mkanganyiko katika matumizi ya otopailoti.

Kwa nini hawakuhisi?

Jaribio rahisi, linaloweza kufanywa katika shule yoyote ya Ruangwa, litatoa jibu. Chukua beseni la maji na uelezeshe juu yake vijani vikavu. Lizungushe kwa ghafula: beseni litageuka, lakini maji na majani yatabaki nyuma. Endelea kulizungusha kwa mwendo uleule: baada ya muda maji yatazunguka pamoja na beseni.

Ndani ya sikio la binadamu mna mifereji mitatu yenye ugiligili. Mwili ukigeuka kwa ghafula, ugiligili hubaki nyuma na ubongo hupata habari. Lakini mgeuko ukiwa wa polepole sana, tofauti hiyo ni ndogo mno, na ubongo hauambiwi lolote. Tena, ndege inapopinda vizuri, hata chai kikombeni haimwagiki. Mchana rubani huona upeo wa macho. Usiku wa giza hana shahidi isipokuwa vyombo vilivyo mbele yake. Asipovitazama, mwili wake utamwambia uongo naye atausadiki.

Taa moja, watu wanne

Usiku wa tarehe 29 Desemba, 1972, ndege ya shirika la Eastern ilikaribia kutua Miami, Marekani. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakaiachia otopailoti kazi, kisha wote wakashughulikia taa ile, hata fundi aliyekuwa akisafiri pamoja nao. Yaelekea usukani uligongwa kidogo, na sehemu ya mtambo inayolinda kimo ikajitoa. Ndege ikashuka taratibu hadi kuanguka katika bwawa la nyasi. Watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Balbu tu ndizo zilizoungua.

Mafunzo yaliyopatikana

Kwanza, kazi hugawanywa: mmoja huendesha, mwingine hutazama vyombo. Kukiwa na hitilafu, mmoja huishughulikia lakini mwingine haachi kuiangalia ndege. Pili, kila agizo hujibiwa kwa sauti, na aliyeagiza huthibitisha kwa macho kwamba limetekelezwa. Kimya si jibu. Tatu, tangu mwaka 1981 sheria ya Marekani hukataza mazungumzo na shughuli zisizohusu safari katika chumba cha marubani ndege ikiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa inaposafiri kwa kutulia. Nne, kijana hufundishwa kusema anapoona kosa la mkubwa wake, na mkubwa hufundishwa kusikiliza.

Mtambo bora haumwondolei binadamu wajibu wa kutazama. Utingo wa Nachingwea aliyenyamaza na rubani asiyejibu wana fundisho moja: pale kila mtu anapodhani kwamba mwenziwe anaangalia, hakuna anayeangalia.

Maswali

1. Kwa nini maji ya beseni hubaki nyuma mwanzoni, kisha huzunguka pamoja na beseni?
2. Eleza kwa nini rubani asiamini hisia za mwili wake usiku.
3. Taja kazi moja ya kwenu inayohitaji agizo kujibiwa kwa sauti, na ueleze sababu.