Mbwa wa ulinzi anayeuma: ni mkali au mwoga?



Ndugu wasomaji, huenda wapo watakaoshangaa kuona safu hii ya afya na usafi ikizungumzia mbwa. Lakini mbwa wamo majumbani mwetu. Waislamu wengi wenye mashamba, mifugo na maghala wanafuga mbwa wa ulinzi. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zimetaja ruhusa ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanachuoni kadhaa wakapimia humo ulinzi wa nyumba. Basi tuliyeruhusiwa kumfuga, tunamfugaje?

Nililetewa mtoto wa miaka minane. Alikuwa akitoka madrasa, juzuu kifuani, mbwa wa kwao wenyewe akamtia meno pajani. Baba akasema mbwa huyu amezaliwa mkali. Nilipomhoji, nikaambiwa mbwa alifungwa mnyororo tangu mdogo, mchana hushinda kwenye banda la giza "ili awe mkali", chakula husukumiwa kwa fimbo, na akinguruma hupigwa.

Mbwa huyo haoni adui kwa sababu ni jasiri. Anaogopa. Mtoto wa mbwa hujifunza katika wiki za mwanzo, takriban ya tatu hadi ya kumi na nne, kwamba watu, watoto na kelele ni mambo ya kawaida. Aliyekosa hayo, kila mgeni kwake ni hatari, na kwa kuwa mnyororo haumruhusu kukimbia, hubaki na meno tu. Kumpiga kunamthibitishia hofu yake. Na anayepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, siku nyingine akauma bila onyo.

Kabla ya kumrekebisha, tutenganishe mambo mawili. Mbwa aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, akatokwa na mate, akayumba au kuuma ovyo, huyo hafundishwi. Kaeni naye mbali na muiarifu ofisi ya mifugo, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Na yeyote aliyeumwa, hata na mbwa anayeonekana mzima, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Wapo wanaosugua jeraha kwa udongo wakikusudia zile kuosho saba. La hasha, udongo usitiwe ndani ya jeraha. Suala la tohara amuulize sheikh wake akishatoka hospitali.

Ama mbwa mwoga, aanze kwa daktari wa mifugo. Achanjwe, na achunguzwe masikio, meno na vidonda, maana maumivu peke yake humfanya mnyama aume. Mnyororo uondolewe, apate ua wenye uzio, kivuli na maji. Kisha mtu mmoja mzima, si mtoto, amfundishe. Mgeni asimame mbali, mahali ambapo mbwa anamwona lakini habweki. Kila mgeni anapoonekana, mbwa atupiwe kipande cha chakula anachokipenda. Mgeni akiondoka, chakula nacho kikome. Siku zinavyokwenda, mgeni asogee hatua chache. Mbwa akibana mkia, akilaza masikio, akilamba midomo bila chakula au akikakamaa, mmeharakisha, rudini nyuma. Kazi hii ni ya wiki nyingi, mara nyingine miezi. Wako wasiopona kabisa, wakabaki wa kuzuiwa na watoto daima.

Msishangae mbwa kufundishika. Sura Al-Maidah, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofunzwa.

Najisi je? Sisi wafuasi wa Imam Shafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, palipogusana na mate yake au unyevu wake. Mguso wa kukavu kwa kukavu hauna hukumu hiyo. Basi wekeni bakuli lake mbali na jiko, kamba ndefu, na kanzu au vazi maalumu la kazi hiyo lisiloingia msikitini. Najisi inaondoka kwa maji na udongo. Lakini watoto wetu wamefundishwa kumrushia mbwa mawe ili asiwasogelee, nao hukimbia huku wakipiga kelele, na mbwa mwoga hujifunza hapo hapo kwamba kanzu na kofia ndogo maana yake ni jiwe. Wafundisheni badala yake kusimama kimya, mikono ubavuni, wasimtazame machoni, kisha warudi nyuma polepole.

Yule mtoto alikamilisha chanjo zake, alhamdulillah. Baba yake amevunja lile banda la giza. Mbwa bado anabweka wageni, lakini mtoto sasa hupita upande wa pili wa uzio, na mbwa hulala chini akamwangalia.