Nenosiri ni Sahihi, Mbona Mlango Haufunguki?

Umeandika barua pepe yako. Umeandika nenosiri herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye daftari. Umegusa kitufe cha kuingia, ukurasa ukazunguka kidogo, kisha ukakurudisha palepale ulipoanzia, visanduku vikiwa vitupu. Hakuna maandishi mekundu wala maelezo ya kosa. Unajaribu tena, na tena.

Familia nyingi hapa Marekani hukutana na jambo hili zinapofungua akaunti ya USCIS kufuatilia kesi ya grini kadi, au akaunti ya Social Security, au ukurasa wa wazazi wa shule. Wengi hubadilisha nenosiri mara nne kwa jioni moja. Wengine, kwa kuchoka, hufungua akaunti mpya, na hilo ndilo baya zaidi. Akaunti ya pili haina kesi yako. Taarifa ya miadi ya alama za vidole inaweza kuwa imekaa kwenye ile ya kwanza, huku wewe unatazama ya pili na kudhani bado hujajibiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu chochote, angalia skrini inasema nini. Nenosiri likiwa na kosa, tovuti kwa kawaida hukuambia hivyo. Ikikurudisha mwanzo bila kusema neno, tatizo mara nyingi liko kwenye vidakuzi au kwenye anwani uliyopitia.

Kidakuzi ni kijikaratasi kidogo ambacho tovuti huipa simu yako ikitunze. Tovuti haina macho. Kila ukifungua ukurasa mwingine, kwake wewe ni mgeni mpya, mpaka simu ionyeshe kile kijikaratasi: "Huyu ameshaandika nenosiri, mpitishe." Simu ikikataa kukipokea, unaingia kweli, lakini ukurasa unaofuata haukutambui na unakurudisha mlangoni. Ndiyo maana huoni kosa lolote.

Tena kila kidakuzi kina kwao. Aliyeishi kambini anajua kwamba kadi ya mgao ya Nyarugusu haikupi chakula Kakuma. Vivyo hivyo kidakuzi kilichotolewa na login.gov hakipelekwi ssa.gov, hata kama wewe uko kwenye safari moja. Jina hilo la mwisho kwenye anwani, kama ssa.gov au uscis.gov, huitwa kikoa. Ukienda ssa.gov na kuchagua kuingia kwa Login.gov, unapelekwa kikoa kingine, unathibitishwa huko, kisha unarudishwa ssa.gov ukapewe kidakuzi cha pale. Safari ikikatika katikati, huingii.

Ni nini huikata? Mara nyingi ni ukurasa uliohifadhiwa. Mtu huhifadhi ukurasa wa kuandikia nenosiri, na wiki ijayo anaanzia hapo. Ukurasa ule ulikuwa wa safari ya siku ile tu. Anza kila mara kwenye mlango wa mbele: andika ssa.gov au my.uscis.gov kwa mkono wako, kisha gusa kitufe cha kuingia. Tovuti za shule nazo zina kituko chao: nyingine zimewekewa vidakuzi vya anwani yenye www peke yake, hivyo ukiingia bila www hukutambui. Jaribu zote mbili.

Jambo la pili, na hili tunaliona sana, ni dirisha la Facebook. Ndugu anakutumia kiungo kwenye Messenger, unakigusa, ukurasa unafunguka humohumo ndani ya Facebook. Dirisha hilo lina mkoba wake wa vidakuzi, tofauti na wa Chrome au Safari. Unaanza kuingia humo, unaambiwa ufungue barua pepe na uguse kiungo cha kuthibitisha, na kiungo hicho kinafungukia Chrome. Chrome haijui lolote kuhusu ulichoanza. Unasomewa kwamba kiungo hakifai au muda umekwisha, ingawa kimekuja dakika moja iliyopita. Gusa vidoti vitatu juu ya dirisha, chagua kufungua kwenye kivinjari, uanze upya huko. Anza na umalizie kwenye kivinjari kimoja, na ikiwezekana simu moja.

Kama bado, angalia kama simu imezuia vidakuzi. Kwenye iPhone fungua "Settings", tafuta Safari, shuka hadi "Advanced", na uhakikishe "Block All Cookies" imezimwa. Kwenye Chrome ya Android gusa vidoti vitatu, "Settings", kisha "Site settings", utafute maneno ya vidakuzi. Simu iliyowekwa Kiswahili itakuandikia "Vidakuzi" waziwazi. Angalia pia tarehe na saa. Simu yenye saa isiyo sahihi inaweza kuona kidakuzi kipya kuwa kimeshapitwa na wakati.

Jaribio rahisi kuliko yote ni dirisha fiche, ambalo huanza bila vidakuzi vya zamani. Ukiingia vizuri humo, umeshapata jibu: nenosiri halina shida, kuna kidakuzi kikuukuu kinachogombana na kipya kwenye dirisha la kawaida. Rudi kwenye tovuti ile, gusa alama ndogo iliyo kushoto kwa anwani, chagua "Cookies and site data", ufute vya tovuti hiyo moja. Usifute vya simu nzima.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu baadhi ya tovuti hukumbuka simu yako kwa kidakuzi, na ndiyo maana hazikuombi namba ya uthibitisho kila siku. Ukifuta, zitaiomba, na zitaituma kwenye namba ya simu uliyoandikisha. Watu wetu hubadilisha laini mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza. Kama namba ile haipo tena mkononi, umejifungia nje mwenyewe. Kama bado kuna kifaa ambacho kinakuingiza, tangulia kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti, na uandike zile namba za akiba mahali salama. Ukishaingia angalia pia anwani ya nyumba: ukihama, sheria inakutaka uijulishe USCIS ndani ya siku 10.

Nyumba yenye simu moja ina shida yake. Baba ameingia asubuhi, hakutoka. Mama anafungua jioni na kukutana na kesi ya baba. Si wizi, ni kidakuzi cha baba kinachoonyeshwa mlangoni. Kila mtu atoke kwa "Sign out" akimaliza, na kila mtu mzima awe na barua pepe yake. Kwenye kompyuta ya maktaba hili ni lazima, maana kufunga dirisha tu kunaweza kumwachia anayekufuata kijikaratasi chako mezani.

Sheria hii ya vikoa inayotusumbua ndiyo hiyo hiyo inayotulinda. Simu iliyohifadhi nenosiri lako la uscis.gov hailipendekezi kwenye kikoa kingine. Siku ambayo kawaida yake ya kulijaza inakoma ghafla, usiharakishe kuliandika kwa mkono, soma anwani. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha soma kurudi kushoto. Katika my.uscis.gov mwisho ni uscis.gov, ni ya serikali. Lakini uscis.gov.jinalingine.com mwisho wake ni jinalingine.com, na huyo ni mtu mwingine kabisa hata akiweka bendera na nembo juu ya ukurasa.

Ukijaribu dirisha fiche kwenye simu mbili, saa ni sahihi, vidakuzi vimeruhusiwa, na bado unarudishwa, basi kosa ni la wenye tovuti. Piga picha ya skrini ionyeshe anwani yote juu, andika saa, aina ya simu na kivinjari, na uwaambie hivi: "Nenosiri linakubaliwa, lakini ukurasa unanirudisha kwenye kuingia." Sentensi hiyo humwelekeza fundi wao moja kwa moja kwenye vidakuzi, wakati "akaunti haifunguki" itakuletea tu kiungo kingine cha kubadilisha nenosiri. Ukihitaji mkalimani, au ukitaka tuangalie pamoja, njoo ofisini na simu yenyewe pamoja na picha hiyo. Nenosiri utaliandika wewe mwenyewe, sisi tukiangalia pembeni.