Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Katika vilima vya Mbuba, wilayani Ngara, watoto huanza kushindana mbio kabla ya kujua kusoma. Hushindana wakienda kuteka maji, tena hushindana wakirudi nyumbani jioni. Mmoja hutangulia, na mwingine huachwa nyuma. Basi mara nyingi yule aliyeachwa hununa, akasema ya kuwa mwenzake ni adui yake. Je, ni kweli? Mshindani ni adui? Habari ya wakimbiaji wawili yaweza kulijibu swali hilo.

Mmoja wao ni Filbert Bayi, Mtanzania, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Karatu, katika mkoa wa Arusha. Wa pili ni John Walker, Mzungu wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1952. Nchi zao ziko mbalimbali sana, nao hawakufanana kwa rangi wala kwa malezi. Walakini mbio za mita 1500 ziliwakutanisha.

Tarehe 2 Februari 1974 walikutana mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Walker alikuwa kwao, na watu wa nchi yake walitamani ashinde. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hukaa nyuma ya wenzao, wakiweka akiba ya nguvu kwa ajili ya mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Alitoka mbele tangu mwanzo, akawaacha wenzake mita nyingi. Katika mzunguko wa mwisho Walker alianza kumkaribia hatua kwa hatua, lakini hakuweza kumpita. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, Walker alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya.

Sasa lifikirini jambo hili. Rekodi ya dunia, yaani muda mfupi kuliko wote uliopata kuandikwa, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, nayo ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani tangu mwaka 1967. Bayi aliivunja. Lakini Walker naye, ijapokuwa alishindwa, alikimbia upesi kuliko rekodi hiyo. Ni nani aliyemvuta Walker hata akapata mwendo ule? Ni Bayi aliyekuwa mbele yake. Na ni nani aliyemzuia Bayi asilegee? Ni Walker aliyekuwa nyuma yake. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo. Mwezi wa Mei 1975 Bayi aliweka rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0; mwezi wa Agosti Walker akaishusha mpaka dakika 3 na sekunde 49.4. Kama kinoo kinavyonoa kisu, ndivyo kila mmoja alivyomnoa mwenzake.

Watu wengi walingoja kuwaona tena katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, mjini Montreal, Kanada. Hawakukutana. Wakati ule serikali ya Afrika Kusini iliwatawala Waafrika kwa ubaguzi wa rangi, na mwezi wa Juni polisi wake waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Hata hivyo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza huko. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Zilipokataliwa, Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 hazikushiriki.

Madai hayo yalikuwa ya haki, lakini yalikuwa na gharama. Bayi alikosa nafasi yake. Walker, ambaye hakuwa mchezaji wa raga, alipata nishani ya dhahabu. Lakini alitumia dakika 3 na sekunde 39.2, karibu sekunde 7 zaidi ya muda wake wa Christchurch. Alipata ushindi, lakini mtu wa kumvuta hakuwapo. Bayi hakukata tamaa. Mwaka 1980 alipata nishani ya fedha mjini Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji, na baadaye akaanzisha shule.

Kwa hiyo ugomvi wa dola waweza kuwatenga washindani. Je, waweza kuwafanya wachukiane? Miaka 40 kabla ya hayo, mwaka 1936, Olimpiki ilifanyika Berlin, na serikali ya Hitler ilifundisha ya kuwa watu weusi ni duni. Jesse Owens, Mmarekani mweusi, aliruka mita 8.06, akamshinda Luz Long, Mjerumani mweupe. Long hakununa. Alimpongeza Owens mbele ya umati, wakatembea pamoja wameshikana mikono. Long alikufa vitani mwaka 1943. Baada ya vita Owens alionana na mwanawe. Serikali ile ilianguka, lakini picha za vijana wale wawili zingali zikitazamwa.

Wilaya ya Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mtoto wa Mbuba aweza kukutana uwanjani na mtoto wa lugha nyingine, ambaye wazazi wake waliikimbia nchi yao kwa sababu ya vita. Labda amesikia maneno mabaya juu ya mgeni huyo. Kabla ya kuyaamini, na akimbie naye kwanza. Akishindwa, ampe mkono. Akishinda, ampe mkono vilevile, maana bila mgeni huyo asingalizijua nguvu zake mwenyewe.

MASWALI

1. Bayi alikimbiaje tofauti na wakimbiaji wengi?
2. Kwa nini Walker hakuona hasara tupu aliposhindwa Christchurch?
3. Kwa nini Bayi hakukimbia Montreal?
4. Long alionyeshaje ya kuwa yeye ni mshindani wa kweli?
5. Elezeni maana ya methali iliyo juu ya somo hili.