Kulinda Shamba na Wanyama wa Porini

Fikirini mjane mwenye shamba dogo la mahindi kando ya njia ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Alipanda mvua zilipoanza, akapalilia mara mbili. Mahindi yalipokaribia kukomaa, usiku mmoja nguruwe wa porini wakaingia. Kulipokucha aliyakuta mabua yamelala chini, na bukari ya watoto wake ya miezi mingi imepotea. Hasara kama hii yaweza kupunguzwa sana na mtu ajuaye tabia ya kila mnyama.

Kwanza mwenye shamba asome alama. Bua lililokatwa karibu na ardhi kama kwa kisu ni kazi ya ndezi, ambaye wengi humwita simbiliki. Udongo ukifukuliwa na mihogo ikang'olewa usiku, huyo ni nguruwe. Mahindi yaliyomenywa na kutupwa ovyo mchana ni ya tumbili au nyani.

Simbiliki hujificha katika majani marefu, wala hapendi kuvuka mahali peupe. Basi majani yafyekwe pande zote za shamba, upana wa hatua 10 hivi. Hapa wengi hukosea: hulima vizuri katikati, na mpaka wakauacha uwe pori.

Nguruwe huzuiwa kwa ua wa miti iliyosimamishwa karibu karibu na kuzikwa chini sana. Miiba iliyowekwa juu haimsumbui, kwa kuwa yeye huinua ua kwa pua yake na kupita chini.

Tumbili ni werevu kuliko hao wote. Sanamu ya matambara wataiogopa siku mbili tatu, kisha watakaa juu ya kichwa chake. Hao wahitaji mtu wa kuwafukuza, hasa asubuhi na mapema, tena alasiri. Ndipo mtoto hutolewa shuleni, akapewa manati na kopo la kugonga. Wazazi hawatendi hivyo kwa ubaya, bali kwa kuogopa njaa; lakini mtoto aliyekosa masomo tangu Februari hata Aprili atawafikiaje wenzake? Yafaa majirani walime mashamba yao pamoja, wapande kwa wakati mmoja, na watu wazima wapeane zamu. Mlinzi mmoja aweza kuangalia mashamba manne yaliyopakana. Shamba lililo peke yake porini halina msaada huo.

Wengine hutia dawa ya wadudu katika chakula cha mtego. Hilo ni jambo la kutisha. Mnyama aliyekula sumu aweza kwenda kufia mbali, akaokotwa na mpita njia, na nyama yake ikapikwa. Mitego ya waya nayo hunasa mbwa wa jirani, hata mguu wa mtoto.

Kuhusu tembo, Lubumbashi haina shida hiyo; tena miombo ya karibu imekatwa sana kwa makala. Huko Kenya wakulima hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, na nyuki humfukuza.

Maswali:
1. Bua lililokatwa karibu na ardhi ni alama ya mnyama gani?
2. Kwa nini miiba haimzuii nguruwe?
3. Katika kijiji chenu, ni nani alindaye mashamba saa za shule?