"KILA BAADA YA" NA UELEZAJI WA MARUDIO KATIKA KIINGEREZA CHA MAANDISHI

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili kosa linalojitokeza katika Kiingereza kinachoandikwa Afrika Mashariki, yaani "every after two days". Aghalabu msahihishaji hufuta neno "after" na kuendelea. Hoja yetu ni kwamba ufutaji huo hurekebisha sarufi tu. Maana yaweza kubaki na dosari, kwa sababu kirai cha Kiswahili kilichozaa kosa hilo chenyewe kina utata.

2.0 Sarufi
Katika Kiswahili, "kila" hutangulia nomino (kila siku), kirai chenye "baada ya", na hata kitenzi chenye urejeshi wa wakati (kila aendapo). "Every" haina uhuru huo. Hudai kirai nomino. Ndiyo maana "kila aendapo" huwa "every time she goes", na "kila baada ya saa 12" huwa "every 12 hours". Dhana ya muda kupita imo tayari katika muundo huo, hivyo "after" haina kazi.

3.0 Maana
Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Nsemulwa, mjini Mpanda, humwagilia mchicha wake "kila baada ya siku mbili", akianza Jumatatu. Je, atamwagilia tena lini? Anayepima muda tangu Jumatatu atajibu: Jumatano. Anayehesabu siku zinazoachwa bila kazi, yaani Jumanne na Jumatano, atajibu: Alhamisi. Fasiri ya kwanza ni "every two days" au "every other day". Ya pili ni "every three days". Saa hazileti utata huu, kwa kuwa hupimwa mfululizo, ilhali siku huhesabiwa moja moja.

Aidha, yafaa kutofautisha idadi na nafasi. "Mara mbili kwa siku", yaani "twice a day", hutaja idadi. "Every 12 hours" hutaja nafasi kati ya tendo na tendo. Dawa mseto ya malaria (ALu), ambayo Tanzania iliipitisha kuwa chaguo la kwanza mwaka 2006, humezwa mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 3, jumla dozi 6. Hata hivyo, dozi ya pili humezwa zikipita saa 8 tangu ile ya kwanza. Mwandishi atakayebadilisha "twice a day" kuwa "every 12 hours" kwa kudhani ni visawe, atakuwa amepotosha maelekezo ya siku ya kwanza.

4.0 Hitimisho
Tumeona kwamba kosa la "every after" ni la sarufi na la maana pia. Kwa hiyo, kabla ya kufuta neno, mwalimu amwulize mwanafunzi: ukianza Jumatatu, utarudia siku gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua Kiingereza kinachofaa.