Faili Hili ni la Kifurushi Gani?

Wako wenzetu ambao, diski ya kompyuta yenye Linux ikijaa, hutafuta faili kubwa wasilolijua wakalifuta. Kwa mfano huliona libLLVM, lenye megabaiti 100 hivi, wakadhani ni takataka. Kumbe katika kompyuta nyingi michoro ya kioo hulitegemea faili hilo! Yafaa kwanza tuulize lililetwa na kifurushi gani, na kompyuta yenyewe inalo daftari la kutujibu.

Programu za Linux kwa kawaida huja zimefungwa katika vifurushi. Kifurushi kikifunguliwa, mafaili yake hutawanywa: programu huenda /usr/bin, mipangilio /etc, maelezo /usr/share. Katika Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu iliyotokana nayo, orodha ya mafaili ya kila kifurushi hutunzwa katika /var/lib/dpkg/info. Basi twaandika:

dpkg -S /usr/bin/ssh

Nayo hujibu:

openssh-client: /usr/bin/ssh

Jina la kushoto ndilo la kifurushi. Tusipojua njia yote ya faili, twaweza kuandika sehemu ya jina tu, kama dpkg -S libLLVM. Wenye Fedora hutumia rpm -qf, na wenye Arch pacman -Qo, wakitaja njia ya faili.

Tukiuliza juu ya saraka, kama /etc, twaletewa majina mengi sana. Hilo si kosa, kwani saraka ni kama kisima cha kijiji: wengi huchota humo.

Linalowadanganya wengi ni jibu la kwamba hakuna kifurushi kilichopatikana. Tukiuliza juu ya /etc/passwd katika Debian twapata jibu hilohilo, nalo ndilo faili linaloorodhesha watumiaji wa kompyuta! Halikuja ndani ya kifurushi, bali lilitengenezwa wakati wa kusimika mfumo. Pengine jina tuliloliuliza ni kiungo tu kinachoelekeza kwingine, kama /usr/bin/vi. Hapo readlink -f /usr/bin/vi hutuonyesha faili lenyewe, ndipo tuulize tena. Katika Debian 12 ya mwaka 2023, /usr/bin/ls halikujulikana lakini /bin/ls lilijulikana, ijapokuwa ni faili moja, kwa sababu daftari lilishika njia ya zamani. Kwa hiyo jibu la “hakuna” lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kufuta.

Na aliyekwisha kufuta je? Daftari halina habari kwamba faili limeondoka, hivyo dpkg -S bado itamtajia kifurushi. Kisha, akiwa na madaraka ya msimamizi, aandike apt install --reinstall pamoja na jina la kifurushi hicho, na faili litarudi. Lakini mafaili ya mipangilio yaliyokuwa /etc kwa kawaida hayarudi hivyo, maana dpkg huona kwamba mwenye kompyuta aliyafuta kwa kusudi.