Mjamzito, usiache mswaki kwa sababu ya damu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina ujauzito wa miezi mitano. Kila nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Mama mkwe anasema mtoto anakula meno yangu, niache mswaki hadi nijifungue. Mama yangu mzazi naye, mwenye miaka 57, aliteleza kwenye migomba akavunjika kifundo cha mkono. Je, tuna ugonjwa wa ukoo? – Mama kijacho, Nkwenda, Kyerwa.

JIBU: Marahaba. Tafadhali, usiache mswaki. Matatizo yako na ya mama yako yanaelekea kukutana kwenye homoni za kike: kwako zimepanda mno, kwake zimeshuka.

Wakati wa mimba, homoni za estrojeni na projesteroni huongezeka mara nyingi. Damu hujaa kwenye fizi, na kinga ya mwili hubadili namna inavyowakabili bakteria. Utando wa bakteria unaoganda kwenye meno, ambao zamani fizi zako ziliuvumilia, sasa unazivimbisha hadi zivuje damu kwa kuguswa tu. Ukiacha mswaki, utando unazidi na damu inazidi. Mtoto hagusi meno yako. Kalsiamu anaipata kwenye damu yako, na isipotosha, mwili huichota kwenye mifupa.

Piga mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Ukiwa kliniki, onyesha fizi zako na uombe kuonana na daktari wa meno. Kusafishwa meno katika miezi hii ni salama. Ninachokiogopa zaidi ni duka la dawa: usijinunulie diklofenaki wala tetrasaiklini, zinaweza kumdhuru mtoto. Na kwa kuwa mjamzito hulemewa na malaria kuliko wengine, nasi wa Kagera tunaijua malaria, lala ndani ya chandarua na umeze SP, dawa ya kuzuia malaria, kama utakavyoelekezwa kliniki.

Sasa tuje kwa mama yako. Estrojeni huzuia seli zinazobomoa mfupa. Hedhi ikikoma, kizuizi hicho huondoka, na katika miaka michache ya mwanzo mfupa hubomoka haraka kuliko unavyojengwa. Mwanamke wa umri wake akianguka akiwa amesimama tu na kuvunjika, haitoshi kumfunga plasta (P.O.P.) na kumrudisha nyumbani. Mifupa yake ichunguzwe. Wanaume pia hupungukiwa na mifupa hivi, ila kwa kuchelewa, maana homoni zao hushuka polepole.

Chakula chetu cha Karagwe na Kyerwa, ndizi na maharage, kinashibisha, lakini ndizi ina kalsiamu kidogo sana. Ongezeni dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na maziwa mgando. Mama aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi za shamba juani akipona.

Siku ya kliniki yako ijayo, nenda naye hospitali, muonwe wote wawili.